Pumzi Kabla ya Kinanda

Tum. Tum-tum. Kimya kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni, halafu tena: tum. Mlio huo hata nikiwa kaburini nitautambua, na watakaokuwa wamekuja kunipalilia watakimbia wakiona udongo unatikisika. Juma lililopita ulinikuta hapa kwenye cherehani yangu, karibu na soko, mguu kwenye pedali na mdomo umejaa pini. Kinyozi wa mlango wa pili, kijana anayeitwa Trésor, alikuwa ameweka spika yake nje, barabarani, malori ya madini yanapopita na kutumwagia vumbi tangu asubuhi hadi jioni. Akaweka *Ningojee ku Gare*. Nikatema pini.

Kama ulikuwa na masikio miaka ile ya themanini, kati ya Mutoshi na Kisenge, wimbo huo unaujua. Mwanaume anamwomba mke wake amsubiri stesheni. Treni imechelewa, mvua inanyesha, na yeye hana hakika kama bado anapendwa. Maneno ni machache tu, hata mtoto angeyatunga. Lakini ule mdundo wake! Na lile gitaa linaloingia likiwa limechelewa kidogo, makusudi! Na kila kiitikio kinapoisha, kile kinanda kinachopanda taratibu, noti sita tu, kikashuka na kunyamaza. Watu wazima nimewaona wakifumba macho wakifika hapo.

Trésor naye akafumba macho, mkasi mkononi, mteja amekaa na kichwa kilichonyolewa nusu.

"Mama Idi, sikia klavie hii!" akaniita. "Inaingia pole-pole sawa mutu anaogopa kubisha mulango. Bazee bale balijua kazi, kabisa!"

"Punguza sauti," nikamwambia.

"Haupendake hii nyimbo, mama?"

"Ninaipenda kuliko weye. Punguza!"

Maskini, alipunguza, na siku nzima hakunisalimia tena. Hakuwa na kosa lolote. Angejuaje kwamba kinanda kile ni kifuniko, na kwamba aliyefunikwa chini yake ni mama yangu mzazi? Hilo tunalijua watu wachache, na wengi wao wameshakufa. Nitawaambia ninyi, kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Tulikuwa tunakaa cité, mtaani kwa watu wa kawaida, ndani ya lupangu moja, ua wenye robinet ya maji mlangoni na ukuta mfupi uliotutenga na jirani yetu, Tata Kabeya. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, baba yake akachimba, na yeye akawa fundi umeme katika karakana ya mgodi. Mtu mwembamba, mwenye haya, asiyeweza kupita karibu na kitu chochote bila kukigonga kwa kidole ili asikie kinaliaje. Aligonga sufuria zetu. Aligonga mlango wetu kabla ya kubisha. Siku moja aligonga kichwa cha kaka yangu, akasema hiki kina sauti nzuri, na mama yangu akacheka mpaka akakaa chini.

Alikuwa na kikundi chake cha watu wanne na hawakuwa na ngoma. Ile ya parokia walinyang'anywa baada ya kuitumia kwenye karamu moja ambayo padri hakuipenda. Kwa hiyo walikuwa na magitaa mawili, kinanda kidogo ambacho funguo zake mbili zilikuwa bubu, na radio mbili za kaseti. Studio yao ilikuwa hiyo tu, na yote ilienea kwenye chumba alicholala na mke wake.

Mama yangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kila siku saa nne asubuhi. Yeyote aliyelelewa kwetu anaijua kazi hiyo. Unatwanga, unatwanga mara mbili haraka, unasimama kugeuza majani kwa mkono, unatwanga tena. Na hapo kwenye kusimama, mkono ukiwa ndani ya kinu, Mama alikuwa anatoa sauti. Haikuwa na maneno, ilikuwa inapanda polepole halafu inashuka. Nyumbani hakuna aliyeiita kuimba. Ilikuwa sauti ya sombe, na tukiisikia tulijua chakula kitakuwepo.

Asubuhi moja kichwa cha Tata Kabeya kikachomoza juu ya ukuta.

"Mama Zaina, usiache! Twanga tu, tafazali!"

Zaina ni mimi. Mama alidhani ameona nyoka. Kumbe alikuwa amepata ngoma yake. Alirusha waya juu ya ukuta, akaja mbio na kipaza sauti alichokivisha soksi ya mke wake, akakining'iniza kwenye kamba ya nguo, kati ya shati la Baba na sketi yangu ya shule. Akaweka gunia chini ya kinu ili mlio uwe mzito. Akafukuza kuku.

"Imba pia, sawa unaimbaka siku zote."

"Mi siimbake, tata. Mi natwanga."

"Bon. Twanga sawa siku zote, basi."

Akatwanga. Mwanzoni alikuwa anaona haya, nikaona mgongo wake umekakamaa. Halafu akasahau. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa kwenye kizingiti na kijiko cha uji, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikiliza mama yangu. Alikuwa na sauti yenye mkwaruzo kidogo pale inapoanza, kisha inajisafisha yenyewe ikipanda. Sijui kama ilikuwa nzuri. Ilinitia hofu, kwa sababu ilikuwa ya mtu nisiyemjua.

Majuma yaliyofuata nilishinda kwa Tata Kabeya. Sikutumwa, nilijipeleka. Aliweka kaseti ya kinu katika radio ya kwanza, akaicheza kwa nguvu, wao wakapiga gitaa juu yake, na radio ya pili ikachukua vyote kwa pamoja. Kisha akabadilisha. Ya pili ikacheza, wakaongeza mwimbaji, na ya kwanza ikachukua. Kila mara kitu kimoja zaidi. Alinieleza kwa subira, kama mtu anayezungumza na mkubwa mwenzake, kwamba kilichoingia kwanza hakitoki tena. Ni chumvi ndani ya mchuzi, huwezi kumwambia mtu akurudishie chumvi yako. Ili sauti ya mwimbaji iwe na mwangwi wa stesheni, aliviringisha pipa tupu la mafuta hadi uani, akaweka spika mdomoni mwa pipa na kipaza sauti ndani kabisa. Stesheni unayoisikia katika wimbo ule, yenye mvua na baridi, ni pipa lenye harufu ya mazutu, na juu yake alikuwa amekaa bata.

Wimbo ulipoisha, Mama alikuwemo mara nne. Kila baada ya kiitikio, katika nafasi ile ya kugeuza majani, sauti yake ilipanda na kushuka. Tata Kabeya alimwita asikilize. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni. Tukirudi nyumbani akanishika bega.

"Baba yako asijue kwanza, Zaina. Mi mwenyewe nitamuambia. Unasikia?"

Nikasema nasikia.

Baba alikuwa na lori. Wazee wake walitoka pande za Kasongo na biashara ya nguo, yeye akachagua barabara. Alipeleka chumvi, mafuta na unga Kisenge na Dilolo, na wakati wa mvua safari moja ilimla siku kumi na tano. Alikuwa anarudi na matope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kuheshimiwa msikitini na kupendwa kwenye parking za madereva. Kaka zangu aliwapandisha kwenye lori, akawafundisha majina ya vyuma. Mimi alinipa pipi na kunipapasa kichwa, basi. Nilitamani sana siku moja anitazame kama alivyokuwa anatazama injini.

Kaseti zilitangulia. Tata Kabeya alinakili chache kwa marafiki, marafiki wakanakili, na barabara ikazichukua. Siku moja mchana Baba akaingia kutoka Kisenge, akanawa, akakaa mbele ya bukari, ugali wetu, na kabla hata ya bismillahi akatoa kaseti mfukoni.

"Sikieni nyimbo ya kule! Bashofere bote banaimba hii."

Tum. Tum-tum. Mama alikuwa anaweka sahani ya samaki mezani. Aliiweka taratibu sana. Baba alikuwa anapiga meza kwa vidole, mabega yanacheza, na ilipofika ile sauti baada ya kiitikio akainua kidole juu tuisikilize. "Huyu mwanamuke sasa!" akasema.

Sikuweza. Nawaambia kweli, nilijaribu, nikauma ulimi. Lakini nilikuwa na kitu ambacho kaka zangu hawakuwa nacho, kitu kikubwa kuliko majina yote ya vyuma.

"Baba, ni Mama! Ye njo anaimba! Na ile ngoma ni kinu yetu!"

Alinitazama. Kweli alinitazama, kwa mara ya kwanza, na nilifurahi kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha uso wake ukabadilika kama ukuta unaomwagiwa maji. Akabonyeza kitufe, tak, wimbo ukakatika.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema Mama. "Nilitaka kukuambia."

Baba akainuka, bukari haijaguswa. Akatoka, akaingia chini ya lori. Mpaka alasiri tuliona miguu yake tu, na hatukusikia hata spana moja ikigonga. Baadaye Mama alimpelekea kikombe cha maji, akainama, akakaa kule muda mrefu. Aliporudi hakunigombeza. Afadhali angenichapa. Alinipa sahani nioshe.

Siku tatu hakuna aliyesema jambo la maana katika nyumba ile. Na Jumamosi kaseti ya Tata Kabeya ilikuwa inapanda treni kwenda Lubumbashi, kwa mtu wa redio aliyeahidi kuicheza. Kikundi kizima kilikuwa hakilali kwa hamu. Alhamisi Mama akajaza bakuli la sombe, akalifunika kwa kitambaa, akaniambia nibebe. Tukazunguka ukuta.

"Tata Kabeya," alisema baada ya salamu, "naomba utoshe sauti yangu, itoke kabisa ndani ya nyimbo."

Yule mtu alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama Zaina, ile haitoke! Eko ndani ya kinu. Nikiitosha, kinu inaenda, gitaa inaenda, byote binaenda. Na Jumamosi njo kesho kutwa."

"Basi ifunike."

"Mama, ile sauti njo nyimbo yenyewe. Bengine sisi ni kuisindikiza tu."

"Ifunike, tata. Nakuomba. Nina nyumba."

Alishusha mikono. Halafu akavuta kinanda chake, akapuliza vumbi, akaweka kaseti. Akajaribu kufunika kwa noti zake mwenyewe, ikawa fujo, sauti na kinanda vinagombana. Akajaribu tena, vibaya zaidi. Akaeleza kwamba njia ni moja tu, kinanda kipite pale pale anapopita Mama, noti kwa noti, kwa nguvu kuliko yeye. Lakini kwenye kaseti noti nyingine alikuwa hazipati vizuri.

Basi Mama akamwimbia. Alisimama katikati ya chumba kile cha kitanda na nyaya, akamwimbia polepole, noti moja, akangoja aipate kwenye kinanda, noti ya pili, akangoja. Pale alipokosea alimrudisha. "Hapana, tata, hapa napanda kwanza." Kwa ufunguo uliokuwa bubu walitafuta njia ya kuuzunguka. Alimfundisha kumfunika yeye mwenyewe, kwa uangalifu ule ule aliokuwa ananifundisha kushona kifungo, na kazi ilipokamilika akamshukuru. Tata Kabeya alikuwa analia waziwazi, pua inachuruzika juu ya funguo. Mimi nilikuwa nimekumbatia bakuli la sombe, hakuna aliyekumbuka kulipokea.

Redio ilicheza. Mnajua yaliyofuata, wimbo uliingia kila nyumba, na kila mtu alisifu kinanda. Zile kaseti za kwanza zilichakaa, zikafutwa, zikapotea. Mama aliendelea kutwanga saa nne asubuhi. Tum, tum-tum, halafu kimya, majani yanageuzwa, tum. Nilikuwa nangoja pale kwenye kimya. Nilingoja mpaka nikaolewa.

Baba nilimchukia. Neno ni zito lakini ndilo. Nilimpikia, nilimfulia, nilimwitikia kwa adabu, na ndani nilimchukia kwa sababu alikuwa amezima sauti ya mama yangu kwa ukali wake na heshima yake ya msikitini. Alipougua nilimuuguza nikiwa bado namchukia, na nadhani alikuwa anajua.

Siku ya kilio chake alikuja mzee Shabani, aliyewahi kuwa msaidizi wake barabarani. Alikaa nami kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akaanza kusimulia habari za barabara kama wafanyavyo watu msibani, ili tucheke kidogo. Akafika kwenye wimbo.

"Baba yako alituchekesha sana na ile nyimbo, pale parking ya Kisenge. Kila mutu alikuwa anauliza, huyu mwanamuke ni nani? Baba yako akasema, na kicheko yake ile: 'Sauti ya vile si ya bibi ya mutu! Ile ni deuxième bureau, mwanamuke ya kando ya mukubwa fulani, anamuimbia asipate kurudi kwa bibi yake!' Tulicheka! Akasema na bitu bingine, mi siwezi kukuambia, we ni mutoto yake. Halafu safari iliyofuata bakamuomba aseme tena, akakataa. Tangu siku ile hakuteremuka tena pale, alikuwa anakulia ndani ya lori. Hatukujua juu ya nini."

Mimi nilijua. Nilikaa pale na kikombe cha chai mkononi, nikajua. Baba hakuwa na hasira siku ile chini ya lori. Alikuwa ameitukana sauti ya mke wake mbele ya wanaume ishirini, nao wamecheka, na mtoto wake mwenyewe ndiye aliyemletea habari mezani, mtoto amejaa furaha.

Arobaini ilipopita nikamuuliza Mama.

"Najua," akasema. "Aliniambia siku ile ile, kule chini. Alilia sawa mutoto."

"Na wewe?"

"Mi nilimupa mayi."

"Mama! Aibu ilikuwa yake! Weye njo ulifunikwa juu ya aibu yake?"

"Kama bangejua ni mi, Zaina, bangemucheka mpaka leo. Na alikuwa mutu muzuri, baba yako. Mi nilijua kama ni mi naimba. Nikasema inatosha."

"Ikatosha?"

Alikunja kanga yake mara mbili kabla ya kujibu. "Hapana," akasema. "Haikutosha."

Basi nikamkasirikia na yeye pia, kwa sababu nilikuwa nimebaki bila mtu wa kumchukia, na hasira lazima ipate mahali pa kulala. Imenichukua miaka mingine kufika kwangu mwenyewe. Alikuwa ameniomba jambo moja. Alitaka kulisema kwa mdomo wake, siku aliyoichagua, labda jioni Baba akiwa ameshiba na anacheka, kabla kaseti haijafika Kisenge. Mimi nikampokonya hilo kwa ajili ya mtazamo mmoja wa baba yangu. Sikusema ili Mama asifiwe. Nilisema ili nionekane mimi.

Trésor angenunaje siku tatu? Hakuweza. Siku ya pili alikuja na simu yake na kaske kubwa ya kufunika masikio, akaniambia nivue ukali, nisikilize vizuri. "Na kaske, mama, unasikia bitu bingine." Nikavaa, kumridhisha. Na kweli, nikasikia. Kinu, gunia, kuku mmoja kwa mbali. Kiitikio kikaisha, na kabla kinanda hakijaingia, kuna mtu anavuta pumzi.

Nilirudisha mara sita. Kinanda hakivuti pumzi. Tata Kabeya alifunika noti zote, lakini hiyo hakuifunika, au hakutaka. Iko pale tangu siku ile, mara nne, na nchi nzima imeicheza bila kujua.

Mchana ule nilifunga duka nikaenda kwa Mama. Alikuwa amekaa barazani anachambua maharage, macho hayaoni vizuri siku hizi lakini vidole vinaona. Sikumwambia kitu. Nilimvalisha kaske taratibu juu ya kitambaa chake cha kichwa, nikabonyeza. Niliona mkono umesimama juu ya maharage. Kisha ukaanza kupiga goti. Tum. Tum-tum. Mwimbaji aliimba, sikuweza kumsikia lakini nilikuwa namfuata kwenye mkono wa Mama, mpaka kiitikio kikaisha na mkono ukatulia, kiganja kikageuka juu kama cha mtu aliyeshika majani.

Akavuta pumzi. Kifua kilijaa, mdomo ukafunguka, nami nikasogea karibu, miaka yangu tisa yote imesimama pale barazani, inangoja.

Mama aliubana mdomo wake. Ndani ya kaske, kinanda kikaingia.